Baiskeli Moja, Eda Mbili

Nyumba ya Bibi haikunukia kitu msimu ule, na kwa hiyo ninaikumbuka kwa pua kabla ya macho. Siku zote kabla ya hapo, ukishika kitasa cha mlango wake tu, mkono ulirudi na harufu ya udi. Mapazia yalinukia udi, mito ilinukia udi, hata madaftari yangu yalinukia, mpaka mwalimu mmoja akaniuliza kama kwetu kila siku kuna harusi. Halafu Babu akafariki, Bibi akaingia eda, na chetezo kikapandishwa juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Mjane hajitii manukato, hapaki wanja wala hina, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, na havuki geti la nyumba yake mpaka imalizike miezi minne na siku kumi. Kwa hiyo iliyobaki ni harufu ya sabuni ya kufulia, ya zulia linalohitaji jua, na ya mafuta ya mnyororo wa baiskeli, ambayo niliingia nayo ndani vidoleni kila jioni na ambayo Bibi alidai inamtia kichefuchefu.

Nyumba hiyo ilikuwa Aija, ng'ambo ya khori ya Sur, enzi ambazo daraja la nyaya za chuma lilikuwa halijajengwa na ukitaka kwenda mjini unazunguka maji yote kwa gari. Sisi wenyewe tulikaa Nizwa. Baba alikuwa na gereji katika kitongoji cha Firq, Mama alikuwa mwalimu, na mdogo wangu Hamed alikuwa na kazi moja tu, ya kuharibu vitu vyangu. Ilipokwisha hitma ya Babu, wakubwa wakakaa ukumbini kushauriana. Bibi alikuwa na mtoto mmoja, naye ni Baba, na haikuwezekana akae eda bila ya mtu wa damu yake ndani ya nyumba. Wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi. Nilikuwa darasa la sita. Wiki ile ile nikahamishwa skuli kama mtungi wa gesi unavyohamishwa jiko hili kwenda lile, bila ya mtu kuniuliza.

Kunifuta machozi, Baba alinifungia baiskeli yangu nyuma ya pikapu. Aliiunga mwenyewe Firq kutokana na baiskeli mbili zilizokufa: fremu ya moja, magurudumu ya nyengine, akaipaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye gari la mteja. Ililia kila pedali ya kulia iliposhuka. Niliipenda baiskeli ile kuliko watu wengi. Na Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka maneno, akaniambia pale pale kwenye mlango wa gari, mbele ya wote: "Utaiendesha mpaka bibi yako atoke eda. Ukirudi Nizwa unaingia darasa la saba, umeshakuwa mkubwa, hakuna tena mambo ya baskeli. Tutampa Hamed." Nilijua tangu siku ya kwanza, basi, kwamba eda ya Bibi ndiyo umri wa baiskeli yangu, na kwamba kila siku iliyomkaribisha yeye na geti ilinisogeza mimi mbali nalo. Ajabu ni kuwa siku zenyewe nilizopewa, nilipewa ndani.

Nilitoka skuli, nikaingia, geti likafungwa. Bibi hakuwa mkali kwa tabia. Alikuwa mwanamke wa Unguja mjini, mcheshi, mpenda watu, aliyezoea kukaa barazani na kujua nani kapita na kavaa nini. Kumfungia mtu wa namna ile ndani ya kuta nne na mwili wenye huzuni kulimfanya aogope ukimya. Alitaka anisikie. Nikikaa msalani kidogo aliita. Nikienda darini kuanua nguo aliita. Nilizunguka na baiskeli uani, kati ya tangi la maji na mndimu, kila siku kwa upande ule ule kwa sababu upande wa pili palikuwa na banda la kuku, hata nikilala kichwa kikawa bado kinazunguka. Nje ya ukuta nilisikia kengele za baiskeli za wenzangu: Asila, mtoto wa jirani yetu Ami Salum, na rafiki zake wawili, Thuraya na Jokha. Wasichana wa rika langu, wote na baiskeli, wote wakiijua sheria ile ile ya kuwa mwaka unaofuata au wa pili yake mambo yatakwisha. Walikuja kunitazama mara moja. Bibi akawakaribisha, akawakalisha, akawagawia juzuu za kumsomea marehemu, na hawakurudi tena ndani ya nyumba ile mpaka eda ilipokwisha. Tukawa tunazungumza kwenye upenyo wa geti, mimi jicho moja, wao vinywa vitatu.

Kwenye upenyo huo ndipo niliposikia habari ya safari. Likizo ya nusu mwaka ikifika, wataendesha baiskeli kwa njia ya pwani kutoka Aija mpaka Ras al Hadd, kule kwenye kasa, mwisho wa nchi. Ami Salum atawafuata nyuma na pikapu, amebeba maji na mipira ya akiba, na atakayechoka atapandishwa. Hapajawahi kuwa na wasichana wa mtaa ule waliofanya jambo hilo, na sote tulijua kuwa sisi tukikua hatutalifanya. Ilikuwa ni safari ile au basi. Nilikwenda kwa Bibi siku hiyo hiyo, nikamkuta juu ya mkeka na tasbihi, katika nguo yake nyeupe isiyo na hata ua moja, nikamwomba. Hakunitazama. "Mimi nimefungwa na sharia," akasema, "na wewe umefungwa na mimi. Kaa kitako." Nikakaa kitako. Nikamwomba tena kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku jibu lilikuwa fupi zaidi, mpaka likawa ni kuinua kidole tu bila ya kuacha kuvuta uradi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nyumbani kwetu lilijulikana na wote na halikusemwa na yeyote. Babu alikuwa na mke wa pili. Alimwoa miaka ya mwanzo waliporudi Oman kutoka Unguja, mwanamke wa pwani hiyo hiyo, mwenyeji, jina lake Bi Zeyana. Hakuzaa. Alikaa katika kijiji kidogo njia ya Ras al Hadd, na Babu alizigawa siku zake sawasawa, nusu Aija na nusu huko, kama dini inavyotaka. Bibi hakulitaja jina lake hata mara moja. Alisema "kule". "Babu yako yuko kule. Atarudi Jumatatu." Alipofariki Babu, Bi Zeyana hakuja mazikoni, wala hangeweza: saa ile ile eda ilimwangukia na yeye, katika nyumba yake. Wakawa wajane wawili wa mtu mmoja, pwani moja, wamefungiwa kwa siku zile zile, na watatoka siku moja, bila ya kuwahi kukaa chumba kimoja maisha yao yote. Baba, kwa kuwa ni mtoto wa kambo na ni mtu wa haki, alipeleka mchele na mtungi wa gesi kule kila mwezi, akasalimia kizingitini na kuondoka upesi. Aliogopa mama yake asije akahisi kuwa amekaa.

Siku mbili tatu kabla ya safari, nikiwa nimeshakata tamaa na nimeshaanza kumnunia hata kuku, Bibi aliniita jikoni. Alikuwa ametia nazi kwenye mchele uliosagwa, na sufuria ya mkate wa kumimina ilikuwa juu ya moto na makaa juu ya kifuniko. Harufu ya iliki ndiyo harufu pekee ya starehe iliyobaki kwake. Alinambia bila ya kugeuka kuwa Ijumaa wanakuja shangazi zake Baba wote kukaa naye, nyumba itajaa, na mimi naweza kwenda huko ninakotaka kwenda. Kisha akasema: "Njiani utapita kule. Utampa mkate huu. Usiseme mimi nimempa." Nikamuuliza niseme katoa nani. "Mwambie umetoka kwa wajukuu wa marehemu." Mjukuu wa kike alikuwa mmoja tu, mimi, na sikuwahi kupika hata yai, lakini sikubishana. Ningekubali kupeleka mkate jehanamu.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Geti lilifunguka na mimi nikapita na baiskeli yangu inayolia, mkate umefungwa kwenye kitambaa ndani ya kikapu cha mbele, na nikawapita wenzangu wote hata kabla ya kona. Bahari ilikuwa mkono wa kushoto. Walikuwa wameanika dagaa mchangani, eneo zima, wanameta, na harufu yao kali iliingia kooni nikaimeza kwa raha. Ilikuwa majira ya baridi, upepo umetulia, barabara tupu isipokuwa mbuzi na gari moja moja, na nyuma yetu Ami Salum akiendesha polepole na redio ya Kurani. Sikuwa nimekwenda moja kwa moja kwa muda mrefu. Uani kwa Bibi kila baada ya pumzi mbili nilikunja kona, na mwili wangu ulikuwa bado unataka kukunja. Hapo mbele hapakuwa na cha kuzunguka. Thuraya aliimba, Jokha alimkosoa sauti, Asila akaacha mikono yote miwili na baba yake akapiga honi ya hasira, na mimi nikacheka hata nikakaribia kuanguka. Ile ndiyo asubuhi nzuri kuliko zote za utoto wangu, na haikufika hata saa nne.

Nyumba ya Bi Zeyana ilikuwa ya mwisho upande wa bahari, nyeupe, dirisha lake la chini lina nondo. Ami Salum si maharimu wake, hivyo alibaki garini. "Dakika tano," akasema. "Jua linapanda." Niliingia, nikambusu mkono mwanamke mwembamba mwenye nguo nyeupe kama ya Bibi, isiyo na ua vilevile, nikampa mkate na uongo wangu kuhusu wajukuu. Alikuwa hajui Kiswahili isipokuwa maneno ya Babu ya nyumbani: chai, funga mlango, polepole, nimechoka. Tulizungumza Kiarabu. Alifungua kitambaa, akaunusa mkate. Kisha akanambia kuwa marehemu alimletea mkate huu miaka yote, kipande kilichopoa, ndani ya leso, na yeye akidhani ni wa dukani mpaka alipokwenda Sur kuutafuta madukani akakosa. Akakata kipande, akaniwekea tende, akamimina kahawa.

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa Oman anajua kuwa ukitosheka na kahawa unatikisa kikombe, na mwenyeji anakipokea, na mambo yamekwisha. Nilikunywa, nikatikisa. Akajaza. Nikanywa, nikatikisa kwa nguvu zaidi asije akawa hakuona. Akajaza. Alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto tangu nilipokaa na alikuwa hauachi. Mtoto hanyanyuki mbele ya mtu mzima mpaka aruhusiwe, na katika nyumba ya eda ndiyo kabisa. Nje honi ilipigwa mara moja, kwa adabu. Halafu mara ya pili, bila ya adabu. Mwisho Asila akaja mlangoni, akamwamkia Bi Zeyana, akaninong'oneza kuwa baba yake anasema jua litawaua, wao wanaendelea, na watanichukua wakirudi. Nilimtazama kwa macho yote niliyokuwa nayo. Bi Zeyana akamwambia Allah akulindeni, akanikamata mkono vizuri zaidi. Kwenye nondo za dirisha nikawaona wakipanda, Thuraya, Jokha, Asila, wakiinama mbele kwenye mlima mdogo wa kijiji, pikapu nyuma yao, wakazama upande wa pili. Baiskeli yangu ilibaki imeegemea ukuta, peke yake.

Nilitoka eda moja nikaingia eda nyengine. Hilo nililifikiri wakati ule ule, kwa maneno hayo hayo, na hasira iliniwaka hata masikio yakawa moto. Bi Zeyana aliniuliza habari za skuli, nikamjibu neno moja moja. Akaniuliza habari za Baba. Kisha akasema, "Ya bnayti, mwanangu, sema kwa lugha yenu." Nikamuuliza niseme nini. Chochote, akasema. Alinieleza kuwa Babu, akikaa naye, alizungumza naye kwa Kiarabu, lakini peke yake alizungumza Kiswahili: aliigombeza redio, alitafuta miwani, aliomba dua, yote kwa Kiswahili, na yeye jikoni alikuwa akisikia miaka yote bila ya kufahamu. Sasa usiku mke wa mpwa wake alikuja kulala, lakini mchana kutwa hapakuwa na mtu, na kitu alichokosa zaidi ni ile sauti. Akafumba macho akangoja.

Kiswahili changu kilikuwa cha nyumbani, cha kula na kukatazwa. Nikasema sijui niseme nini. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa, macho yamefumbwa. Nikasema mkate umekauka. Akatikisa kichwa. Basi nikaona kuwa hakuna duniani mtu atakayenifahamu chumbani mle, na nikaanza. Nikasema wenzangu wameshafika Ras al Hadd na wameshaweka miguu majini. Nikasema nimechoka na Bibi, nimechoka na tasbihi yake, nimechoka na uani na mndimu na kuku. Nikasema Mama atanichukulia baiskeli yangu na kumpa Hamed ambaye ataivunja, na hakuna aliyeniuliza, hakuna hata mmoja. Nikasema nataka kutoka. Nililisema hilo mara nyingi, nataka kutoka, nataka kutoka, polepole na kwa sauti ya upole, kama mtu anayemsomea mgonjwa, na Bi Zeyana machozi yakamshuka na uso wake ulikuwa umetulia. Walinichukua alasiri. Jokha alinionyesha maganda ya kome wa Ras al Hadd njia nzima, na sikumwambia hata moja ni zuri.

Bibi alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakuniuliza bahari ilikuwaje. Aliuliza kama mkate umeliwa. Nikamweleza yote, na kwa kuwa nilikuwa na hasira na nilitaka kumuumiza, nikamweleza na habari ya leso, kwamba Babu alikuwa akimwibia mkate wake kumpelekea mwanamke mwengine. Bibi alivuta punje mbili tatu za tasbihi. "Nilikuwa nnajua," akasema. "Unafikiri mwanamme mmoja anamaliza mkate mzima? Ndiyo maana nikipika miwili." Kisha akaniuliza nani anakaa naye mchana. Nikamwambia hana mtu. Akasimama kwa shida akaenda kufunga dirisha lililokuwa limeshafungwa. Aliporudi akasema, "Basi Ijumaa utakwenda tena."

Nikaenda tena, na Ijumaa iliyofuata, na zote zilizobaki, shangazi wakija kukaa na Bibi. Mama alipiga simu kutoka Nizwa kuuliza ni habari gani hizi za msichana kuonekana barabarani kila wiki na baiskeli, na nilimsikia Bibi akimjibu: "Anakwenda kwa mwenye eda. Wa kumzuia nani?" Hakuwepo. Hilo ndilo lililonichanganya akili mwaka ule. Kifungo kile ndicho kilichonipa barabara. Wenzangu nao walipata ruhusa kwa sababu yangu, maana si vyema msichana aende peke yake kwenye jambo la thawabu, na Jokha akanipa jina la Viza. Tulikwenda wanne, Ami Salum nyuma amechoka na maisha yake, na tulipofika kijijini wao watatu walikimbilia mchangani na mimi nikaingia ndani. Nikasikia kelele zao kupitia nondo, maji yakirushwa, Thuraya akiimba vibaya, na mimi mbele ya tende na kikombe kisichotikisika nikimlalamikia mwanamke aliyefumba macho. Kutoka Aija mpaka pale nilikuwa huru kuliko msichana yeyote wa Sur. Zaidi ya pale sikufika. Ras al Hadd yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mlima mdogo ule, na sikuwahi kuuvuka.

Kikapu hakikwenda wala kurudi kitupu. Mkate ulikwenda, papa mkavu akarudi. Mkate, na ndimu kavu zikarudi. Mara moja kilirudi na miwani ya Babu, imefungwa ndani ya leso, na Bibi akaiweka mapajani na hakuvuta uradi siku ile. Hawakutumiana salamu hata mara moja, wala hawakutajana majina, lakini Bibi aliacha kusema "kule". Alisema, "Mwenzangu kala?"

Siku ya kutoka eda nyumba ilijaa wanawake tangu asubuhi. Walimwosha Bibi, wakamvisha nguo ya maua makubwa, wakampaka hina, na mmoja akapanda kiti akakishusha chetezo. Moshi wa kwanza wa udi ulipopanda, wanawake walipiga vigelegele na mimi nikajua kuwa mambo yangu yamekwisha. Baba na Mama walikuwa wamefika kutoka Nizwa. Nilisimama dirishani nikimtazama Baba akiilaza baiskeli yangu ndani ya pikapu na Hamed akiishikilia pedali kwa furaha, na hapo ikaingia gari ya mpwa wake Bi Zeyana. Bi Zeyana akashuka, akaingia ndani na nguo mpya ya kijani. Bibi alisogea kwenye mkeka, akapiga pale pembeni yake kwa kiganja, na Bi Zeyana akakaa hapo. Waligusana mabega, wakalia kidogo, na kahawa ikaanza kuzunguka. Halafu Bi Zeyana akaniona. Akaitazama na pikapu. Akamgeukia Bibi na kusema kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake: "Huyu anataka kutoka."

Wanawake walicheka kwa mshangao wa kusikia Kiswahili kinywani mwake. Mimi sikucheka: maneno yale alikuwa ameyaokota kwangu. Bibi naye hakucheka. Alimwita Mama, akamwambia, "Muachieni mtoto baskeli yake." Mama akajibu kwa heshima zote kuwa keshakuwa mkubwa, na kuwa lilikuwa jambo la makubaliano. Bibi akarudisha macho kwenye kahawa yake. Nyumba ya Nizwa haikuwa yake. Jioni ile shangazi waliwachukua wajane wote wawili kwenda kuitazama bahari, wameshikana mikono, wamejaa hina na udi, na mimi nikafungiwa mkanda kiti cha nyuma. Walitoka wao, nikaingia mimi. Nizwa niliisikia baiskeli yangu kichochoroni ikilia kila pedali ya kulia iliposhuka, mpaka Hamed alipoivunja, kama nilivyosema.

Sasa ninafanya kazi famasia moja ya Ibra, nina gari langu na funguo zake. Mwaka jana Asila alitushawishi sisi wote wanne, Viza na wenzake, wanawake wazima wenye waume na wakubwa wa kazi wa kuombwa ruhusa, twende Ireland kuendesha baiskeli za kukodi kwenye pwani yao ya magharibi. Tulikwenda. Mvua ya kule haina mwanzo wala mwisho, na barabara ni nyembamba, ukuta wa mawe huku na huku, na kondoo wanakutazama kama wakaguzi. Siku mbili nzima mvua ilitufungia chumbani juu ya nyumba ya wageni, baiskeli zimeegemea ukuta chini ya dirisha, na nikajikuta nimeanza kulalamika kwa Kiswahili, peke yangu, sauti ya upole. Wenzangu hawajui hata neno. Jokha akaniuliza ninasoma dua gani. Siku ya tatu tukatoka, tukaendesha dhidi ya upepo hadi barabara ilipokwisha, kwenye rasi yenye mnara wa taa, na Thuraya akaimba, bado vibaya. Nililia pale, na nikasema ni upepo.

Bibi alifariki zamani. Baba huzungumza Kiswahili akigombana na injini tu, watoto wa Hamed hawakijui kabisa, na nyumba ya Aija inakaliwa na wapangaji wasiofukiza udi. Bi Zeyana yupo. Amekuwa mdogo sana, hatoki tena kwa sababu ya miguu, na dirisha lake lina nondo zile zile. Ijumaa ninapopata nafasi ninatoka Ibra kwa gari, ninapita Sur, ninakwenda kukaa naye, na yeye bado ananishika mkono wa kushoto na kusema, sema kwa lugha yenu. Niliporudi kutoka Ireland nilimhadithia safari nzima, mvua na kondoo na mnara, kwa Kiswahili, bila ya kuharakishwa na honi, na nikagundua kuwa sina mtu mwengine wa kumhadithia kwa lugha hiyo. Kahawa ilipoa. Sikutikisa kikombe. Nilipomaliza nilidhani amelala, kisha akafumbua macho.

"Umetoka?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Nimetoka, Bibi," nikamwambia. "Nimeshatoka na nimerudi."

Akatikisa kichwa, akafumba macho, akangoja niendelee.